Detekta ya dhahabu: ya zamani ama ya kisasa? Wenye uzoefu njooni

Shemeji wa Chunya (#1)
Asalaam aleikum wanajamvi. Shemeji yangu yuko Makongolosi, Chunya, ana eneo lake na leseni ndogo. Tumekubaliana mie nitoe mtaji wa detekta (mashine ya kutafutia dhahabu ardhini), yeye na vijana watembee nayo, kitakachopatikana tugawane. Sasa kuna mtu Dar anauza GPX 5000 ya kampuni ya Minelab, iliyotumika. Mwengine ananambia nivute subira nikusanye pesa ninunue GPX 6000 mpya. Yule muuzaji anaapa kuwa mashine za zamani zinapiga chini zaidi, hizi mpya ni wepesi na urembo tu. Kuna ukweli hapo au ananiuzia maneno? Na tafadhali, asije mtu hapa akanambia ninunue bodaboda.

Mkojani (#2)
Nunua bodaboda.

Fundi wa Redio (#3)
Waaleikum salaam. Hizo mbili zote ni mashine za mapigo, wenyewe wanaziita PI. Koili, lile sahani la chini, linapeleka pigo la sumaku ardhini, linanyamaza, halafu linasikiliza. Kila metali iliyopigwa, dhahabu nayo, inabaki na mwangwi unaofifia. Udongo wenye chuma nao una mwangwi wake, ila unakufa haraka. Kipande kikubwa cha dhahabu mwangwi wake unakaa. Punje ndogo mwangwi wake unakufa haraka karibu sawa na udongo, na hapo ndipo kazi ilipo.

Mashine za zamani zinachelewa kidogo kuanza kusikiliza ili udongo uwe umeshanyamaza, na punje ndogo zinanyamaza pamoja nao. 6000 inawahi kusikiliza na ina hesabu kali zaidi ya kuutoa udongo. Kwa hiyo mpya inakuokotea vidogo ambavyo ya zamani ilipita juu yake. Kwa kipande kikubwa kilicho chini, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, maana maumbile yenyewe yanakataa: ukishavuka upana wa koili, kina kikiwa maradufu mlio unashuka kama mara 64. Hakuna kampuni inayoshinda hesabu hiyo kwa kubadilisha rangi ya mpini.

Matundasi Kavu (#4)
Fundi umesema vizuri, ila mimi niko huku porini na naona mambo mengine. Tuna GPX 4500 na koili ya inchi 18 na kuna jirani ana 6000 na koili yake ya kawaida ya inchi 11. Yeye anaokota vidogo vidogo kila siku, sisi tunakaa siku nyingi kimya, halafu tunatoa kimoja kinalipa vyote. Sasa nani ana mashine nzuri? Kwangu muuzaji wa Dar hajasema uongo.

Kinongo (#5)
Matundasi, hapo umelinganisha koili, hukulinganisha mashine. Mpe jirani koili kubwa uone. Koili kubwa inakwenda chini na inapoteza vidogo, koili ndogo kinyume chake.

Matundasi Kavu (#6)
@Kinongo sawa, lakini koili kubwa ya 6000 ataitoa wapi? Za kwetu plagi ni ile ile tangu SD, zile za mwanzo za Minelab, mpaka 5000, unachukua koili ya kampuni kama Coiltek au Nugget Finder ya mtu yeyote unachomeka. Za 6000 zina chipu ndani, mashine haikubali koili isiyoijua. Hilo nalo ni la kuhesabu kwa mtu wa kipato chetu.

Kinongo (#7)
Coiltek na Nugget Finder siku hizi wanazo za 6000 zilizoidhinishwa. Ila ni kweli, za kuokoteza kwa mtu huzipati.

Chake Mjini (#8)
GPX 5000 hiyo si ndo ile ya mwaka 1995 ya Mjerumani? Mashine ya miaka 30 mtu unatoaje pesa?

Fundi wa Redio (#9)
Hapana ndugu. Minelab ni ya Australia, mji wa Adelaide. Ya 1995 ni SD 2000, ndiyo iliyofungua mlango wa hizi za mapigo kwa dhahabu. 5000 imetoka 2010. Halafu ikaja GPZ 7000 mwaka 2015, na 6000 ni ya 2021. Ukiona namba ndogo imekuja baada ya namba kubwa usishangae, ni familia mbili tofauti. 7000 si PI ya kawaida, wao wanaita ZVT, na ina uzito wa kilo 3.3 hivi. 6000 ni kilo 2 na kitu. Ukiishika asubuhi huoni tofauti. Ukiishika mpaka adhuhuri bega litakusimulia.

Bi Ukwaju (#10)
Mie si mtafutaji, nimepita tu. Lakini hizo pesa za kununulia si zinanunua bangili mbili tatu za dhahabu ukaziweka kabatini zikakaa? Dhahabu imeshachimbwa, imeshasafishwa, tena ina muhuri. 😂

Mkojani (#11)
Bi Ukwaju na mie tumemaliza uzi. Mods fungeni.

Sonara wa Mjini (#12)
Bi Ukwaju una akili ya biashara. Ila niongeze kitu ambacho watafutaji wengi hawakijui. Dhahabu safi inapitisha umeme vizuri sana, lakini ikichanganywa na fedha au shaba uwezo huo unashuka mno. Dhahabu ya ardhini karibu siku zote ina fedha ndani yake, na nyengine ina vitundu au imeshikana na jiwe jeupe. Kwa hiyo vipande viwili vya gramu sawa, kimoja kinalia na kimoja kinanong'ona. Mtu akisema "mashine yangu mpya haioni" au "ya zamani haioni", muulize kwanza dhahabu ya eneo lake ikoje. Chunya siyo Geita, na hata Chunya yenyewe bonde hili si bonde lile.

Shemeji wa Chunya (#13)
Ahsanta sonara. Shemeji anasema za kwao nyingi ni mviringo, zimesagwa na maji ya zamani, siyo za kwenye mwamba.

Sonara wa Mjini (#14)
Basi hizo zinalia vizuri kwa mashine yoyote ya maana.

Bamvua (#15)
Mie natafuta ufukweni, Nungwi na Kendwa, kwa hiyo chukueni maneno yangu na chumvi yake. Huku zamani na kisasa tofauti yake ni kubwa kuliko huko bara. Mashine ya VLF ya zamani, yaani inayotuma mawimbi mfululizo badala ya mapigo, tena ya masafa (frikwensi) mamoja, ukiipeleka kwenye mchanga mbichi wa maji ya bahari inalia yenyewe, maana maji ya chumvi yanapitisha umeme na mashine inadhani imepata kitu. Unapunguza nguvu mpaka inyamaze, na ikinyamaza huoni tena hata pete. Hizi za masafa mengi kwa pamoja, mfano Equinox 800 ya 2018, zinautoa mlio wa chumvi na bado zinaona pete. Na inaingia majini mita 3. Equinox 900 inakwenda mita 5.

Wakati wangu ni bamvua, maji yanapokupwa mbali, hasa upepo wa msimu unapokuwa umeshahamisha mchanga. Mchanga ukirudi pete zinafukiwa chini zaidi. Maji mafu sitoki kabisa, nalala.

Mkojani (#16)
Yakhe, na hizo pete za watalii unazirejesha au unaoa nazo?

Bamvua (#17)
Ikiwa na mwenyewe narejesha. Kuna bwana alikuja na mkewe fungate, pete ikamtoka mkononi wakicheza na mawimbi. Hoteli wakanipigia. Nikamwambia simama pale pale uliposimama jana, akasimama, nikatembea mistari kwenda na kurudi sambamba na maji. Vizibo, vishikio vya makopo ya soda, karatasi za bati, tena vishikio. Vishikio vya alumini vinatoa namba ile ile ya dhahabu kwenye kioo, mashine mpya iwe ya kisasa namna gani, kwa hiyo unachimba kila kitu. Ilipolia vizuri nikakata mchanga kwa ungo wa chuma wenye matundu, nikautikisa majini, mchanga ukatoka, ikabaki pete na kome mmoja. Mkewe alilia, yeye akanunua samaki wa watu wote pale. Mkufu mwembamba ndo balaa. Mashine inaona pingili moja moja, haioni mkufu mzima. Mikufu mingi bado iko pale Kendwa chini ya miguu yetu.

Kinongo (#18)
Hapo kwenye mchanga mweupe wa matumbawe VLF inaishi raha, hauna chuma. Jina langu nimejipa kwa sababu: nipeleke kwenye shamba la kinongo, udongo mwekundu, mashine hiyo hiyo inaanza kulalamika. Na Chunya kuna wekundu kuliko wetu. Shemeji asije akadanganyika na mashine ya ufukweni.

Matundasi Kavu (#19)
Na huku kuna takataka za wachimbaji tangu miaka ya 1920. Misumari, maganda ya risasi, vipande vya makopo vilivyooza. PI inalia kwa vyote. 5000 ukiweka koili ya DD (yenye nyaya mbili za umbo la D) inajaribu kukwambia hiki ni chuma, si kwa uhakika. 6000 haina kuchagua hata kidogo. Unachimba.

Chake Mjini (#20)
Sasa mbona kuna video ya mtu kapata jiwe kubwa kwa Equinox hiyo hiyo ya ufukweni?

Fundi wa Redio (#21)
Hiyo ni kweli, Victoria, Australia, mwaka 2023. Jiwe la kilo 4.6, ndani dhahabu kama kilo 2.6. Alikuwa na Equinox 800, mashine ya bei ya chini ukilinganisha na hizi. Na kwa upande wa zamani, kipande kikubwa kuliko vyote kilichowahi kuokotwa kwa detekta, "Hand of Faith", kilo 27 na kitu, kilipatikana Kingower, Victoria hiyo hiyo, mwaka 1980, kwa Garrett ya VLF. Hata SD haijazaliwa. Kipande kilikuwa kimefukiwa juu juu tu.

Kinongo (#22)
Ndiyo maana mie naona hii hoja ya zamani na kisasa imekaa vibaya. Garrett ile ilipita kwenye ardhi ambayo hakuna aliyepita. Ukiwa wa kwanza mashine yoyote ni nzuri. Ukiwa wa kumi unahitaji kitu ambacho tisa wa mwanzo hawakuwa nacho, na leo kitu hicho ni 6000 au 7000.

Matundasi Kavu (#23)
Au masikio. Kijana wetu wa 4500 alianza akiwa mdogo na SD. Anasikia uzi wa mlio, ule wa chinichini usiokatika, unavyopinda kidogo, hata mlio wenyewe haujatoka. Jirani wa 6000 anasubiri mashine imwambie. Ukibadilishana mashine zao mie nakwambia kijana wetu bado atampita.

Kinongo (#24)
Basi mpeni 6000 huyo kijana mwenye masikio muone.

Matundasi Kavu (#25)
Ukitununulia wewe.

Mpemba Halisi (#26)
Samahani naingia katikati. Sisi Pemba dhahabu yetu inaota juu ya mkarafuu, lakini wazee wanasema Pujini kwa Mkama Ndume, mtawala wa zamani, kuna mali imefukiwa. Detekta gani inafika huko chini? Nasikia kuna za antena mbili, unazishika mkononi zinakuvuta zenyewe kuelekea mali, umbali wa mita mia.

Bamvua (#27)
Lahaula.

Fundi wa Redio (#28)
Ndugu yangu Mpemba, hizo antena zinavutwa na mkono wako wewe. Kuna Mwingereza, James McCormick, aliwauzia Wairaki kifaa cha namna hiyo, ADE 651, kwa kusaka mabomu. Asili yake ilikuwa kidubwasha cha kutafutia mipira ya gofu. Ndani hamna kitu. 2013 alifungwa miaka 10, na watu walishakufa kwa mabomu kwenye vizuizi vya barabarani vilivyokitegemea kifaa hicho. Kikitoka kifaa cha "kuvuta" dhahabu kwa mbali, kimbia.

Mwana wa Wete (#29)
Na Pujini usiende na chochote. Ni eneo la kihistoria, liko chini ya Mambo ya Kale, ukikamatwa na jembe pale hakuna wa kukutetea. Kama unataka habari za mali, Mtambwe Mkuu huko huko kwetu wachimbuzi wa mambo ya kale mwaka 1984 walikuta sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, na za dhahabu kidogo, za karne ya 11. Zile za fedha ni vidogo vyembamba, nyengine zina majina ya watawala wa hapa hapa pwani. Faida yake ni kwamba zilitoka zikiwa pamoja, mahali pake, wakajua zilikaa na nini. Ingekuwa mtu kapita na detekta usiku, zingeishia kwa sonara zikayayushwa.

Sonara wa Mjini (#30)
Sonara gani? Mie sinunui kitu cha namna hiyo, nataka nilale.

Mpemba Halisi (#31)
Nimeelewa. Lakini wazee pia wanasema mali ina wenyewe, inahama. Unachimba leo hapa, kesho iko pale.

Matundasi Kavu (#32)
Huku pia wanasema. Mlio ulikuwa hapa, umechimba, umepotea. Kuna anayeleta mganga.

Kinongo (#33)
Mganga wa nini? Umechimba, kipunje kimeingia kwenye rundo la udongo ulilotoa, unatafuta shimoni. Pitisha koili juu ya rundo. Kikilia, chota udongo nusu kwenye kikombe cha plastiki, pitisha juu ya koili. Hakilii, mwaga, chota nusu nyengine. Kimelia, gawa tena nusu, mpaka unabaki na mchanga wa kiganja. Kikombe kiwe cha plastiki na mkono usiwe na pete, la sivyo unatafuta pete yako. Na simu iwe mbali, buti zisiwe na chuma mbele.

Matundasi Kavu (#34)
Hilo tunalijua, lakini kuna mara rundo limegawiwa mpaka likaisha na hamna kitu. Hapo ndipo watu wanapomkumbuka mganga.

Fundi wa Redio (#35)
Hapo ni kokoto yenye chuma, imepasuka au imegeuka upande ulipochimba. Au kitu kimeoza, kutu imesambaa udongoni na mlio ulikuwa wa ile kutu.

Matundasi Kavu (#36)
Labda. Mganga naye ana maelezo yake.

Dukani kwa Ami (#37)
Turudi kwa mwenye uzi. Hakuna hata mmoja aliyegusa jambo kubwa: hiyo 5000 ya Dar ni ya kweli? 5000 ni mashine iliyoigwa mno Afrika, kupitia Dubai hasa, Sudan ilijaa. Boksi lile lile, rangi ile ile, ndani takataka. Mie niliuziwa moja na mtu wa mnada, inawaka, inalia, kioo cha nyuma kinaonyesha menyu zote. Ukibadilisha aina ya udongo kwenye menyu mlio haubadiliki hata kidogo. Ya kweli ukitoka Normal ukaenda Fine Gold au Enhance unausikia udongo unabadilika sikioni.

Shemeji wa Chunya (#38)
Hapo umenishitua. Nitaijuaje mapema?

Dukani kwa Ami (#39)
Namba ya mashine iulize kwa kampuni kabla hujatoa hata shilingi. Kisha usijaribu dukani, nyaya za umeme za mjini zinaifanya PI iimbe hata kama ni nzima. Mpeleke muuzaji nje ya mji. Akikataa umeshapata jibu. Chukua kipande kidogo cha risasi ya kuvulia, kifukie kwenye udongo mwekundu, usikilize. Risasi haipitishi umeme kama dhahabu safi, lakini kwa majaribio ya kwanza inatosha na haikutii hasara ikipotea.

Fundi wa Redio (#40)
Naongeza: kilichofukiwa leo hakilii sawa na kilichokaa chini miaka, udongo umeshatikiswa. Kwa hiyo usiandike kina ulichopata kama ahadi. Kinakupa tu kulinganisha mashine na mashine, siku moja, shimo moja.

Kinongo (#41)
Na angalia betri. Ya 5000 inakaa mgongoni kwenye begi, waya unashuka mpaka kwenye mashine, na kamba ya mpira inabeba uzito. Waya huo ndio unaokatika kwanza. 6000 betri inachomekwa nyuma ya mpini, headifoni haina waya, vitufe vichache. Kwa vijana watakaopokezana, ile ya vitufe vichache haiharibiwi mipangilio. 5000 mmoja akigusa menyu, mwenzake anatembea siku nzima na mipangilio mibovu bila kujua.

Matundasi Kavu (#42)
Au fundisha vijana.

Bamvua (#43)
Au Gold Monster 1000. Ni VLF, kilohezi 45, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya 6000. Kwa vidogo vya juu juu shemeji anaanza nayo, akipata ananunua kubwa.

Kinongo (#44)
Kwenye udongo wa Chunya itamlalamikia.

Mzee wa Itumbi (#45)
Nimesoma tangu mwanzo. Itamlalamikia sehemu, si kila mahali. Kuna mabonde ya mchanga wa kijivu huku ambako Gold Bug 2, VLF ya miaka ya 90, kilohezi 71, bado inaokota punje ambazo PI zote hazioni, mpya na kuukuu. Jiwe lililovunjwa pia, unapitisha vipande juu yake kimoja kimoja. Halafu unahama mita chache kwenye wekundu na inakuwa kelele tupu. Ndiyo maana wengine tuna mbili, moja kuukuu na moja mpya, na bado tunagombana ipi itoke asubuhi.

Na wewe mwenye uzi, weka makubaliano na shemeji yako kwa maandishi. Mashine ya nani, ikiharibika nani anatengeneza, na kinachopatikana kiuzwe soko la madini mbele ya wote. Kabla ya masoko hayo ya 2019 kila mtu aliuza kwa anayemjua, na detekta moja ilivunja undugu wa watu wengi huku.

Shemeji wa Chunya (#46)
Nashukuruni nyote. Nimempigia muuzaji nikamwambia tutoke naye nje ya mji, kakubali Jumamosi, upande wa Kibaha. Namba ya mashine kasema atanitumia usiku. Mzee wa Itumbi, hiyo Gold Bug 2 yako unauza?

Mzee wa Itumbi (#47)
Siuzi.

Dukani kwa Ami (#48)
Kasema atatuma usiku, mbona asipige picha sasa hivi? Mashine si iko naye?

Matundasi Kavu (#49)
Acheni mtu apumue. Shemeji, ukifika Kibaha uliza kama inakuja na koili zaidi ya moja. Kama ana ya inchi 18 nijulishe bei kabla hujamwambia kitu.

Kinongo (#50)
Nilijua tu kuwa bado mnatafuta koili.